Mbao ya Kushoto

Élisabethville, tarehe 14 mwezi wa tatu 1954

Yaya Brigitte,

Barua hii ikukute umekaa muzuri, weye dada yangu mukubwa na shemeji Adalbert na batoto. Siye huku tuko bazima. Tumbo ya bibi yangu Wivine imeanza kuonekana, na kila asubuyi anatafuna udongo mweupe wa sokoni, halafu anasema ule wa kwetu Kongolo ndiyo mutamu. Mama alituma habari na muntu mumoja wa train: goti bado inamusumbua, lakini amelima shamba yote, na anauliza juu ya nini weye humuandikii.

Sasa habari yenyewe, maana inanichoma ulimi. Lundi, Jumatatu ya Pentekoste, kutakuwa course, mashindano ya magari. Mwaka uliopita yalizunguka tu barabara za hapa mujini kama nzi kwa sahani. Mwaka huu bazungu bamekata shauri magari yatoke hapa, yapite Kasomeno, yafike Kasenga, yageuke, yarudi siku ileile. Yatapita mbele ya mulango yako mara mbili!

Huku commune Kenya, mutaa yetu, hakuna mazungumuzo ingine. Floribert, fundi wa nguo, ndiye anashika mapari. Muntu analeta dau yake, saa ao baisikeli ao gramofoni, na Floribert anaandika jina yake kwa chaki kwa ukuta, nyuma ya mashini ya kushona. Sikia magari yenyewe.

Iko Chevrolet ya Pavlidis, Mugreki muuza nyama. Nguvu ya ngombe dume. Kwa barabara kavu na ya kunyooka hakuna gari ya kuifikia, na karibu bantu bote bametia dau kwake. Shemeji yako Zéphirin, ndugu ya Adalbert, kwa sababu ni fundi wa magari ya ule Mugreki, anatembea mujini kama vile injini iko ndani ya kifua yake mwenyewe. Iko gari nyekundu ya Muingereza mumoja wa Ndola. Muzuri kwa macho, lakini iko chini sana, kama mbwa anayenyatia kuku, na kwa muchanga ya kwenu itakwaruza tumbo. Iko daktari mumoja anayepanda na bibi yake. Bantu banacheka, miye sicheki, ule mwanamuke anajua kusoma barabara. Lakini daktari anaogopa kuumiza gari.

Halafu iko yetu, Peugeot ya patron wangu Lambrechts, mwenye garage ninapofanya kazi. Ndogo. Floribert anatoa tatu kwa moja: ukitia kitu kimoja na Peugeot ikashinda, unapata bitu bitatu bya bei ileile. Anatoa hivi juu hakuna muntu anayeamini. Lakini miye nimefungua ile injini kwa mikono yangu na nimeifunga, na najua inavyopumua.

Nakuomba kitu. Kila siku ya Mungu, Jumapili, bazungu batakuja kujaribu barabara. Weye unauzisha samaki pale juu ya kilima, unaona yote. Niandikie nani anapita mbio, nani anakwama, nani anaogopa. Usimuambie muntu.

Mudogo wako,
Godefroid

Kasomeno, tarehe 4 mwezi wa ine 1954

Godefroid mudogo wangu,

Nimepata barua yako kwa dereva wa samaki, ikinuka samaki. Nakushukuru. Mutoto wetu wa mwisho alikohoa wiki mbili, sasa amepona na ameanza tena kuiba sukari. Adalbert iko Kasenga anatafuta makambale. Muambie Wivine apunguze udongo, ale majani ya mihogo. Na Mama muambie nitamuandikia. Sina cha kumuandikia isipokuwa samaki.

Kurasa ine umeniandikia, tatu ni ya magari. Haya, sikia.

Chevrolet inashuka kilima kama jiwe, tunafunika samaki na majani na bado tunakula mavumbi. Ile nyekundu ilikwama mbele ya kanisa, banaume balisukuma, Muingereza akabapa sigara. Daktari alisimama kununua samaki kwangu. Peugeot yako inapita kama mbuzi, hapa na pale, haigusi kitu. Naona mwenyewe ule muzungu wako anajua.

Lakini iko neno. Unakumbuka daraja ya miti chini ya kilima, pale tulipofulia nguo siku ulikuja. Mvua ya mwezi wa pili imekula mbao ya upande wa kushoto, kwa muntu anayetoka kwenu. Juu inaonekana muzima, sababu bantu ya barabara balitupa udongo juu yake. Juzi mbuzi ilikanyaga, muguu ukapita mpaka paja. Madereva ya camion za samaki banajua, banapita pole, banabana kuume. Capita, musimamizi wa barabara, anasema anangoja mbao toka mujini.

Siku Chevrolet ilipita, nilisikia miti ikilia. Na kilima ile inatupa gari kushoto, unajua. Siku ya course nani atapunguza mwendo? Nenda ubaambie bazungu ya course. Miezi mbili iko ya kutosha kutengeneza daraja.

Yaya yako,
Brigitte

Élisabethville, tarehe 25 mwezi wa ine 1954

Yaya,

Pasaka ilipita muzuri. Tulikula kuku, Wivine aliimba na bamama ya parokia mpaka sauti ikakauka. Na furahi pamoja na siye: nimepata parcelle, kiwanja ya kujenga, kule Ruashi! Ni pori tu bado, bichuguu na miti mifupi, lakini kila muntu anajijengea mwenyewe, na jioni unasikia nyundo kila upande. Kuta nitazipandisha mwenyewe na Zéphirin, ameniahidi siku zake za kupumuzika. Shida ni mabati.

Basi nimetia baisikeli yangu kwa Peugeot. Usinikemee. Floribert iko na mabati ya muntu aliyeshindwa mwaka jana. Tumepatana, ikishinda, nitalipwa kwa mabati. Habari yako imenisaidia sana. Na shemeji Adalbert aliniuliza kwa mudomo ya dereva, ni gari gani. Nilimujibu Peugeot. Sikuweza kumudanganya.

Ile habari ya daraja, nilimuambia muzungu.

Mudogo wako,
Godefroid

Kasomeno, tarehe 9 mwezi wa tano 1954

Godefroid,

Salamu kwa Wivine, na asante kwa kitambaa. Mukwe wa jirani amezaa mapacha, kijiji yote imekunywa.

Umemuambia muzungu gani? Bazungu bako bengi. Huku hakuna aliyekuja kutazama daraja.

Adalbert ametia nyavu zetu kwa Peugeot, zote, kwa mapari banayoshika madereva ya samaki. Hakuniuliza. Niliposema, alinijibu: «Mudogo wako ndiye anafunga ile injini, ao unasema anadanganya?»

Zéphirin alikuja kutusalimia Jumamosi. Alimubeba mutoto kwa mabega, akatuonyesha kwa kijiko na sahani namna Chevrolet itapita bote. Nilifungua kinywa kumuambia ya daraja. Adalbert alinitazama. Nikamuongezea Zéphirin ugali.

Nijibu ya muzungu.

Brigitte

Élisabethville, tarehe 28 mwezi wa tano 1954

Yaya wangu,

Niko muzima, Wivine iko nzito, anatembea akishika mugongo. Baridi imeanza. Kuta za Ruashi zimefika dirisha. Zéphirin alifanya kazi siku mbili nzima, akiimba bibaya.

Mujini bantu bamekuwa kama bagonjwa. Floribert amepunguza Peugeot, sasa ni mbili kwa moja, sababu patron alionekana akirudi toka Kasenga mbele ya bote. Miye dau yangu iliandikwa zamani, haigeuki. Bamoja bamehamia kwa daktari. Muingereza bamemusahau.

Unauliza. Nilimuambia patron wangu. Ndiye muzungu wangu, sina mwingine, na yeye anakaa meza moja na bakubwa ya course. Muntu kama miye ataenda kugonga mulango gani ingine? Usiniulize tena, yaya. Kama unaogopa, asubuyi ya course tia matawi kwa upande ule, kama madereva banavyofanya gari ikiharibika. Kila muntu anaelewa matawi.

Godefroid

Élisabethville, tarehe 8 mwezi wa sita 1954

Yaya!

Peugeot imeshinda! Nakuandikia bila salamu, unisamehe. Ilifika jana saa ya jua kushuka, nyekundu ya mavumbi, taa moja imevunjika, na patron alinivuta mbele ya bantu akanipa mukono. Daktari wa pili. Floribert alipiga magoti mbele ya ukuta wake kama muntu anayesali. Mabati iko kwangu tayari.

Chevrolet haikurudi. Banasema Pavlidis alirudishwa na gari ya bapadri, kichwa kimefungwa kitambaa. Juu ya Zéphirin hakuna anayejua kitu. Yeye ndiye alipanda naye. Mécanicien mwingine, fundi aliyepaswa kupanda, alishikwa na homa siku ya mwisho.

Niandikie upesi. Nakuomba, upesi.

Godefroid

Kasomeno, tarehe 8 mwezi wa sita 1954

Godefroid,

Sina salamu.

Peugeot ilipita ya kwanza. Kwa daraja ilibana kuume, pole, kama muntu aliyeambiwa. Halafu Chevrolet ikashuka. Haikugeuza kitu. Mbao ilifunguka kama kinywa, gari ikaenda na pua ndani ya kijito, ikalala juu ya mugongo. Mugreki alitupwa kwa matete. Zéphirin alikuwa chini.

Sikujua kama ni yeye. Nilishuka na bamama, nikaona viatu tu, na Adalbert nyuma yangu akasema: «Ni viatu vya kaka yangu.» Alivinunua yeye mwenyewe. Banaume balileta miti, bakainua gari. Adalbert aliingia chini na maji mpaka shingo, akamutoa.

Iko hai. Iko lupitalo ya bamasista. Bamekata mukono wa kuume, hapa juu ya kifundo. Ulikuwa umekwisha, masista alisema, hakukuwa cha kuokoa. Annie bibi yake amefika leo na mutoto mugongoni. Hajalia bado.

Matawi nilitia asubuyi mapema. Magari yalipokuja hayakuwapo. Sijui nani aliyatoa.

Uliniambia ulimuambia muzungu.

Brigitte

Élisabethville, tarehe 11 mwezi wa saba 1954

Yaya,

Wivine amezaa mutoto mwanamuke, tarehe 2. Bote babili bako bazima. Tunamuita Simone. Mama alituma blanketi.

Barua yako nimekaa nayo mwezi muzima. Kila siku niliona muntu wa kunipeleka Kasomeno, kila siku nilipata kazi. Mabati nimeyapigilia kwa Ruashi. Jirani zangu banakuja kutazama banasema, Godefroid, Mungu anakupenda. Wivine anauliza juu ya nini sitaki kuhamia.

Nitakuambia sasa, na nikimaliza nitafunga barua bila kuisoma.

Mwezi wa ine, kisha kupata habari yako ya daraja, nilienda kweli kwa patron. Alikuwa chini ya gari. Nilimuambia. Alitoka, akapanguza mikono.

— Nani mwingine anajua?

— Yaya yangu tu, patron.

— Muzuri. Siye tutapita kuume. Bale bengine, kila muntu na macho yake. Funga kinywa, Godefroid.

Nikafunga. Hakunitisha, yaya. Hakunipa kitu. Nilifunga sababu jina yangu ilikuwa kwa ukuta ya Floribert, na ile daraja ilikuwa upande wangu.

Lakini wakati ule nilikuwa nafikiri ya Mugreki. Unafikiri Mugreki, unafikiri gari. Haufikiri muntu.

Siku ya Pentekoste, magaribi, nilisikia Zéphirin ndiye atapanda. Nilikimbia mpaka kwake. Alikuwa anajaribu salopette nyeupe mupya, nguo ya mafundi, Annie anamukunjia mikono, maana ilikuwa ndefu. Alifurahi kuniona.

— Godefroid! Kesho mutakula mavumbi yetu. Ulikuja mbio hivi juu ya nini?

Nilisema: — Kukusalimia.

— Basi ingia.

— Hapana, Wivine anangoja. Shika muzuri kesho.

— Nitashika, alisema, akacheka.

Usifikiri nilisahau, ao ulimi ulikauka. Nilifikiri wazi wazi, nikimutazama usoni: nikimuambia, atamuambia Mugreki, Mugreki atabana kuume, na Chevrolet itashinda. Nilifikiri tena: yaya ametia matawi, bataona. Nikajitegemeza kwa matawi yako, nikaenda kulala.

Wiki iliyofuata agent mumoja wa serikali alikuja garage kuuliza kama kuna aliyejua. Patron alisema hapana. Agent akageuka kwangu. Patron hakunitazama hata kidogo, alikuwa anawasha sigara. Nikasema hapana.

Godefroid

Kasomeno, tarehe 1 mwezi wa munane 1954

Godefroid mudogo wangu,

Simone akue, apate akili ya nyanya yake. Nimemushonea kofia, dereva atakuletea.

Barua yako nimeisoma, halafu nikaikunja nikaiweka chini ya unga. Nilitaka kukuandikia matusi. Nilianza. Lakini iko kitu miye vilevile sikukuambia, na matusi yangu yote yalikuwa yanarudi kukaa ndani ya nyumba yangu.

Niliandika sijui nani alitoa matawi. Najua. Asubuyi ile nilirudi toka darajani, nikawasha moto. Kisha kidogo Adalbert akaingia, suruali imelowa umande mpaka magoti, majani yamenasa kwa mukanda. Nilimuuliza umetoka wapi. Alisema: «Kunawa.» Nikaona yale majani, nikajua, na ilikuwa bado na wakati. Ningeweza kurudi. Jua ilikuwa bado chini. Lakini nilifikiri ya nyavu, nikafikiri, Mugreki iko na macho. Nikapika chai. Unaona, neno moja tulifikiri bote.

Adalbert hakujua kaka yake atapanda. Mpaka alipoona vile viatu.

Zéphirin iko hapa kwetu tangu wiki tatu, na Annie na mutoto. Adalbert anamuosha kila asubuyi, anamunyoa, anamukatia nyama. Zéphirin anamuambia: «Kaka, Mungu akulipe.» Kila siku. Na kila anaposema hivi Adalbert anatoka inje, anasimama nyuma ya nyumba. Nyavu alirudishiwa, na injini ya mutumbwi juu yake, malipo ya dau. Injini iko kwa pembe, amefunika gunia. Hajaigusa.

Njoo. Sitakusemea. Ya Adalbert vilevile sitamusemea. Lakini siwezi kupika tena kwa nyumba hii kama kila muntu anatafuna kimya chake.

Na daraja bameitengeneza wiki moja baada ya course. Mbao zilikuwa zimelala Kasenga tangu Pasaka.

Brigitte

Élisabethville, tarehe 22 mwezi wa munane 1954

Yaya Brigitte,

Nilifika salama. Asante kwa samaki, Wivine ameshukuru. Uliniuliza pale barabarani, dereva akipiga honi, tulisema nini ndani ulipokuwa umeenda na Annie kisimani. Sikuweza kujibu mbele ya bantu. Nakujibu sasa.

Zéphirin alikuwa amekaa kwa mukeka anamenya karanga. Anabana ganda chini ya kidole cha muguu, anapasua na mukono wa kushoto. Adalbert alikuwa anasimama kwa mulango. Niliketi mbele yake, nikasema yote, toka mwezi wa ine mpaka agent. Sikulia, nilijikataza, maana kulia ni kuomba. Zéphirin hakuacha karanga zake. Nilipomaliza aliniuliza neno moja.

— Magaribi ile, kwa mulango yangu. Ulikuja juu ya ile daraja?

— Ndiyo.

— Ukaona salopette.

— Ndiyo.

Nilimuambia mabati yote ni yake, nitayashusha, nitayaleta. Akanitazama mara ya kwanza.

— Nitayafanyia nini? Nitayavaa?

Hapo Adalbert alisema, pale pale kwa mulango, sauti kama ya muntu mugonjwa: — Na matawi niliyatoa miye.

Zéphirin hakuelewa. Hakujua hata kama kulikuwa matawi. Kaka yake alilazimika kumuelezea toka mwanzo, kama unavyomuelezea mutoto: Brigitte alitia, miye nikatoa, juu ya nyavu. Zéphirin alitaka kupasua karanga ingine, ikamuponyoka, akajaribu kuiokota na mukono ambao haupo. Niliona. Adalbert aliona. Adalbert akainama kumuokotea.

— Usiguse, Zéphirin alisema. Tokeni. Bote babili. Na musije kuniomba kitu. Muntu anayeomba musamaha anakuja kuchukua. Mumechukua ya kutosha.

Tulitoka. Adalbert aliketi juu ya jiwe pale nyuma ya nyumba, pahali anapokaa kila mara, na miye nikaketi karibu naye. Ndivyo mulitukuta.

Jana nilienda kwa agent, nikamuambia kwamba patron alijua na miye nilijua. Aliandika, akanirudisha. Patron amenifukuza kabla ya saa sita, hata salopette yangu imebaki kule. Yeye iko kazini kama kawaida.

Godefroid

Kasomeno, tarehe 3 mwezi wa kumi 1954

Godefroid,

Mvua ya kwanza imegusa. Batoto bako bazima. Nimemuandikia Mama, ulishangaa?

Zéphirin na Annie bameondoka tangu wiki mbili. Hawakuaga Adalbert. Miye Annie alinikumbatia, lakini kwa mukono moja tu, na nimefikiri sana ule mukono ingine ulikuwa wapi. Hakuniambia banaenda wapi. Bamoja banasema Kongolo, bamoja Kinsevere kwa ndugu ya Annie.

Adalbert alikuwa ameuzisha ile injini, akampa Annie feza yote, Annie akaipokea bila kuhesabu. Adalbert anavua na nyavu. Anakula. Usiku ananiuliza: «Unafikiri atarudi?» Namuambia sijui. Zamani ningemuambia ndiyo ili alale.

Kazi umepata?

Brigitte

Élisabethville, tarehe 21 mwezi wa kumi na moja 1954

Yaya,

Simone ameota jino. Wivine anakusalimia sana. Tumehamia Ruashi kisha yote, maana kodi ya Kenya imenishinda, na hakuna garage inayotaka kunichukua. Jina yangu imefika mbele yangu kila pahali. Natengeneza mabaisikeli mbele ya nyumba. Mvua inapiga mabati na tunalala chini yake.

Ijumaa ya wiki iliyopita, saa ya alasiri, muntu alisimama kwa njia. Nilikuwa nimeinama. Nilijua viatu kabla ya kuinua uso.

Zéphirin amekonda. Annie alikuwa nyuma yake, kasha ya vifaa juu ya kichwa, mutoto mugongoni. Nilisimama. Sikumupa mukono, sikujua nimupe gani.

— Sikuja kukusamehea, alisema. Ujue vile toka leo, nisiulizwe kesho.

— Najua.

— Kinsevere iko Mugreki mwingine, iko na camion mbili zilizokufa. Nimeisikiliza moja, najua inauma wapi. Najua yote ya kufanya. Lakini mukono moja na ufunguo moja haifungui bolti. Nimejaribu na Annie, hana nguvu. Nimejaribu na bantu bengine, hawasikii ninachosema.

Alitazama mikono yangu, yaya. Aliitazama kama vile nilivyokuwa natazama injini.

— Nimekuja juu ya ile, alisema. Miye nitasema, weye utafanya. Faida tutagawa sawa. Siku nikichoka kukuona, nitaenda.

Wivine alikuwa amekwisha kupika ugali bila kuuliza. Balikula. Annie hakunitazama hata mara moja, na alimubeba Simone mpaka akalala.

Camion bameileta Lundi, imevutwa na kamba. Zéphirin anakaa kwa kasha, miye naingia chini. Ananiambia: fungua ile, si ile, ya juu, pole, weye ni fundi ao muuza mihogo? Ananitukana mbele ya jirani zangu bote. Jana magaribi injini iliwaka. Ilikohoa, ikashika, moshi ukafunika parcelle yote, na batoto ya Ruashi balipiga kelele. Nilitoka chini nikamutazama. Alikuwa ameinamisha sikio, anasikiliza, macho yamefungwa. Nikafikiri, sasa iko na furaha. Nikakosea, nikamuuliza kama siku moja, mbele huko, ataweza kunisamehe.

Hakufungua macho.

— Inagonga kidogo kwa silinda ya tatu, alisema. Leta ufunguo, ile clé ya quatorze.

Nikaileta.

Mudogo wako,
Godefroid